Magoti Niliyopiga Mji Mkongwe

Bariadi, 14 Julai

Mayu, mama mkwe wangu,

Shikamoo. Pamba tumeshavuna, wajukuu zako hawajambo. Unguja tulifika na tumesharudi, ila habari za bahari usiniulize.

Pale Mji Mkongwe, bibi mwenye nyumba ya wageni alitufungulia mlango. Nikapiga magoti kumwamkia, kama ulivyonifundisha nilipoolewa kwako. Mwanao Danford akanivuta mkono: "Simama, unaniaibisha!" Wenzake wa ofisini, waliotutangulia kufika, walikuwa wamekaa barazani. Akawaambia, huku anacheka, kwamba mimi ni dada wa kazi. Mimi, mkewe wa miaka tisa! Ni yule bibi tu aliyeniitikia salamu.

Mayu, nikija kwako Mkula nitakupigia magoti vilevile. Lakini mwanao, maji ya kunawa nitampa nimesimama.

Mkweo,
Esteria