Simu Iliyosema Ndani ya Katoni

Dada yangu Atieno,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, ambako chai inastawi na mifupa yetu inalia. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na lile ziwa, limerudi mahali pake au bado linaingia nyumbani bila hodi? Sisi tuko. Mama Awino anachuma, mimi niko kiwandani kwenye mashine za kukaushia, na Awino yuko nyumbani. Ndiyo, nyumbani, katikati ya muhula, na hiyo ndiyo sababu ya barua. Nilitaka kukupigia simu nikaona nitatukana hewani.

Ile simu uliyomtumia, ile inayosoma, ilikuwa imembadilisha mtoto. Anaielekeza kwenye ukurasa, inapiga picha, inamsomea sikioni. Kabla yake alikuwa anasomewa na Chebet, mwenzake wa dawati, msichana mwenye roho safi lakini akichoka anaruka aya ndefu. Miaka miwili mwanangu amejua historia ya nchi hii kwa aya fupi tu. Simu ilipokuja akaniambia, "Baba, kumbe tulipigania uhuru muda mrefu hivyo?"

Mwalimu mkuu wa zamani alimruhusu kwa mdomo. Akahamishwa, na ruhusa ikahama naye. Wiki moja kabla ya siku ya wazazi, naibu wa mwalimu mkuu akaikuta simu chini ya mto bwenini, akaichukua. Nilienda shuleni nikiwa bado na vumbi la chai kwenye nyusi. Nikamweleza kwa adabu kwamba hii si ya muziki, mtoto haoni.

"Mzee, sheria ni sheria," akasema. "Nikimruhusu mmoja, kesho wote watakuwa vipofu."

Dada, alisema hivyo akiwa mzima, na shahada yake iko ukutani.

Akaongeza kwamba Awino ana Chebet wa kumsomea. Nikamuuliza, "Na Chebet atajisomea saa ngapi?" Akaangalia saa yake.

Sasa, huku kila siku ya wazazi, simu walizonyang'anywa wanafunzi hupondwa kwa nyundo mbele ya watu wote. Mzazi ndiye hupiga, ili ionekane sisi wenyewe tumekubali. Kuna maombi kabla, kuna makofi baada. Mwaka huu nyundo alipewa mzee Koros, mwenyekiti wa wazazi, mfugaji mpole. Alikuwa ameshaponda tatu. Akatia mkono kwenye katoni ya simu hizo, kidole kikagusa kitufe, na katoni ikaongea kwa sauti ya mama asiye na wasiwasi: "Saa tano na dakika kumi."

Kule kwa wanafunzi Awino akasimama. "Hiyo ni yangu," akasema, akaanza kuja akifuata sauti, akijigonga kwenye viti vya wageni.

"Hii kitu inaongea, mwalimu," Koros akasema. "Mimi siwezi gonga kitu inaongea."

"Gonga, mzee. Ni mashine tu."

"Basi gonga wewe." Akaweka nyundo chini.

Naibu akaiokota. Hapo nikaruka kamba iliyowatenga wazazi, nikaitoa simu kwenye katoni, nikaiweka mkononi mwa mtoto. Naibu akacheka kwenye kipaza sauti. "Wazazi, mnamwona huyu? Si ndiye alitupigia nyundo mwaka jana?"

Ni kweli, Dada. Mwaka jana nyundo niliishika mimi. Walinichagua kwa sababu ya mikono ya kiwandani, na mimi nikaona nimepewa heshima. Nilipiga kama ninayepasua kuni za boila ya kiwanda.

Wakampa mtoto chaguo: simu au shule. Akaenda bwenini kufunga sanduku.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Narudi naye shuleni, simu ikiwa mkononi wazi, pamoja na barua ya daktari wa macho. Koros amesema atakuja. Wakitufungia lango nitaketi hapo nje tuone nani atachoka kwanza. Mimi nimezoea zamu ndefu. Ukiweza, njoo na wewe, kwa maana hujawahi kumwogopa mtu kwa sababu ya tai shingoni.

Mwambie Mama asikasirike kabla yangu, kwenye foleni namba yake iko nyuma yangu. Msalimie shemeji, fundi wa baiskeli. Na mjomba mwinjilisti mwambie atuombee, ila asituombee sawasawa na naibu.

Kuna neno moja sijamwambia mtu, hata Mama Awino. Tulipokuwa tunashuka na sanduku katikati ya mashamba ya chai, mtoto aliniuliza mwaka jana nilivunja simu ngapi. Nikasema saba. Akatembea kidogo.

"Kulikuwa na inayoongea?"

Nikamwambia sijui, Awino. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Mimi ndugu yako,
Ouma