Tulivyolala Porini Mlangoni kwa Baba Mdogo

S.L.P. 63,
Salama, Makueni.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Mwangangi,

Hujambo huko Kanada? Hiyo baridi imekuachia masikio? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama kule Mukuyuni analalamikia goti, lakini kwaya hajaikosa hata Jumapili moja.

Najua swali lako ni moja: je, Baba Mdogo Kimeu atakupelekea mbuzi wa ntheo, wale wa kukuposea mchumba, kwa kina Kanini mwezi wa Desemba, au bado amenuna? Tangu Baba afariki, hakuna mwingine wa kuwafikisha kwa wakwe. Nawe, bila haya, ukaweka picha ya uchumba WhatsApp kabla ya kumwambia mzee! Tangu Machi hakushika simu zangu, kwa hivyo tuliamua kumfuata Mutomo.

Mume wangu Githaiga akaona nafasi yake imefika. Unamjua shemeji yako na vyuma. Pale gereji amechomelea trela ya kulala, yenye kitanda, jiko la gesi na turubai la kukunjua pembeni. Tuliifunga nyuma ya pikapu, tukashuka barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, tukakata kushoto na kuvuka mto Athi. Kila tuliposimama watu walikuja kuuliza tunauza nini. Mama mmoja pale Ikutha alikataa kabisa kuamini kwamba hatuna vifaranga.

Tulikaribia Mutomo saa kumi na moja jioni, vumbi hadi kwenye meno. Githaiga akasema tupige kambi palepale kichakani, tuoge, asubuhi tuingie kwa mzee tukiwa nadhifu. Nami, Mkamba mzima, nikakubali! Nilijua vizuri kwamba kulala porini karibu na kwa ndugu yako ni kutangazia kijiji kuwa nyumba yake haikufai. Kusema kweli niliogopa kufukuzwa jua likizama.

Asubuhi nikikaanga mayai, mbuzi watatu wanono wakavamia turubai na kumaliza kabichi yetu yote. Nyuma yao akatokea Baba Mdogo, fimbo mkononi.

"Muthoki, umelala na fisi na kwangu ni hapo tu? Watu ya Mutomo watasema mimi ni mtu gani?"

Githaiga, maskini, akadhani adabu itatuokoa. "Mzee, karibu chai."

"Wewe unanikaribisha kwa shamba yangu?"

Kumbe kichaka chenyewe kilikuwa chake! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini harufu ya mayai haina ubaguzi. Alikaa, akala matano, akaomba kuonyeshwa kitanda, akakibonyeza kwa kiganja na kuguna.

Hapo nikajikaza, nikakuombea msamaha. Uso ukakunjika tena. "Huyo kijana anaona mimi ni nini? Nasikia mambo ya harusi kwa simu ya jirani!" Machozi yakanitoka. Ili kuficha uso nikaokota ufito nikaanza kufukuza wale mbuzi.

Akaruka kutoka kwenye trela kama kijana wa shule. "Wacha! Usichape hao! Hao ni ntheo ya Mwangangi. Nimewachunga tangu Machi."

Ndugu yangu, tangu Machi! Amewatenga na wengine, na jioni huwatafutia majani mwenyewe, huku amekununia vilevile.

Mchana huo tulihamia nyumbani kwake na kupikiwa muthokoi. Usiku akalala yeye kwenye trela, na Githaiga bado anatamba kwa hilo.

Sasa kazi ni yako. Amesema atashika simu Jumapili yoyote baada ya ibada, na atashika yako tu. Usianze na habari za Desemba, anza na samahani.

Mama, Githaiga na Shangazi Kavindu wanakusalimu. Msalimie Kanini sana. Mungu akufunike kazini na njiani, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata unapoudhi,
Muthoki