Kiti cha Dereva

Mwende mjukuu wangu,

Mjomba wako Kioko ameniambia asubuhi hii kwamba kiti cha dereva cha gari la babu yako kimelowa tena, na mvua haijanyesha wiki nzima. Sisi ni wazima, mbuzi amezaa.

Umeuliza kama paa la turubai lizibwe kabla hujalichukua gari. Miaka ya tisini, mto ulipomchukua babu yako akivuka kwa miguu, gari lilibaki ukingoni. Tulipolileta nyumbani, kiti chake kikawa kinalowa. Tulisugua turubai kwa nta ya nyuki kutoka Kivaa, tukaipitishia pasi ya makaa mpaka ikaingia. Tukamwaga ndoo nzima juu. Ndani halikuingia tone. Asubuhi kiti kilikuwa kimelowa.

"Tuliuze, mama," Kioko alisema.

Mama mkwe wangu aligusa kiti, akanusa kidole. "Maji ya mto haya. Mnaziba mzinga na nyuki bado wamo ndani? Mfungulieni mwanangu akauke!"

Tulishinda na paa wazi juani. Kiti kilikauka, kikakaa kikavu miaka mingi. Sijui zaidi ya hapo.

Jumamosi Kioko atafungua paa, nami nitaketi karibu hadi jioni. Nta tutapaka Jumapili.

Susu wako