Mpini wa patasi yangu

Shoga, usicheke. Nimefanya kituko.

Unaikumbuka ile tupa kuukuu niliyokuwa naisaga iwe patasi? Leo imekamilika, ikabaki mpini tu. Kwenye mabaki ya mbao kule karakana nikaokota kipande cheusi, kigumu, nikadhani ni mguu wa kiti kilichovunjika. Nikakikata, nikakipiga msasa, nikakipaka mafuta. Mpini ukatoka kama wa dukani!

Mara nasikia mama mkwe anaita toka sebuleni: "Jamani, nani kaiona fimbo ya mzee?"

FIMBO YA MZEE, shoga! Nimeikata fimbo ya baba mkwe!

Sijakaa sawa, mzee huyu hapa mlangoni. Akaichukua patasi, akaugeuzageuza mpini. "Mti huu naujua," akasema.

MTI HUU NAUJUA. Nikaanza, "Baba, nisamehe..."

"Shii!" Akachungulia nyuma yake. "Niliificha mwenyewe humo kwenye mabaki. Mama yako ananilazimisha kutembea nayo, nionekane kikongwe. Kipande kilichobaki kiko wapi? Kifanye mpini wa nyundo, upesi!"

Mama mkwe akaita tena, "Mmeiona?"

Mzee akajibu bila hata kupepesa macho, "Bado! Nadhani ni wezi."

Akanitazama. Nami, mkwe mwema, nikaitikia, "Wezi, mama."

Sasa mama mkwe ameshamwita fundi aje kubadilisha kufuli la geti. Mzee anakunywa chai, ananikonyeza, na anamsisitizia fundi aweke kufuli kubwa zaidi.