Ncha Laini ya Tupa ya Almasi

Lubumbashi

Mjukuu wangu Mwamba,

Nakusalimu. Bibi yako ni mzima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike huko Kasomeno.

Umeniuliza tupa ya almasi inawezaje kula chuma kigumu ilhali haina meno. Hata mimi niliwahi kushangaa.

Miaka ile Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, vifaa havikufika. Karakana yetu ilibaki na kisu kimoja cha mashine ya kuchonga vyuma, nacho kilikuwa butu. Kama kisingenolewa, sote tungeachishwa kazi. Papa Mukendi, fundi mwenzangu aliyetoka Kasai, alinipa tupa yake ndogo ya almasi. Nilikuwa nimezoea kupiga tupa shaba, nikaikandamiza kwa bega zima. Ikateleza tu.

"Ee, papa! Unasukuma mukokoteni?" akacheka. "Ile iko vumbi ya almasi, banabandika tu juu ya chuma. Ukifinya sana, inatoka. Pitisha mupole, usikilize."

Aliilowesha maji, akaipitisha kana kwamba anampangusa mtoto uso. Ikanong'ona. Kabla ya saa sita kisu kilikuwa na makali, na mashine ikazunguka.

Watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, Mukendi naye akalazimika kurudi kwao; aliniachia tupa hiyo. Sikumwona tena. Ninakutumia tupa hiyo pamoja na barua hii. Gusa ncha yake: pale palipo laini, vumbi liling'olewa na mkono wangu wa siku ile. Kazi yangu yote ya baadaye niliifanya kwa sehemu iliyobaki, nayo bado inakata.

Babu yako anayekukumbuka