Povu Kwenye Kifuniko

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako, salamu za mkono kwa mkono, si hizi za simu ambazo hujui mtu amezituma akiwa amekaa au anakimbia. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi, au zile tembe zimelituliza? Na wanao, hasa yule mwenye pikipiki mpya uliyemsifu kurasa mbili nzima katika barua yako, natumaini ni wazima. Sisi huku hatujambo, ukiacha kifua changu, na hicho nitakueleza mbele. Usishtuke kuona barua nene. Nimefunika cherehani kwa kitambaa, ndiyo meza yangu leo, na nyumba iko kimya.

Kwanza habari njema, maana na mimi nina wa kumsifu. Mwanangu Fundi amepanda cheo kiwandani. Sasa mabomba yote ya maziwa, kuanzia kwenye matangi mpaka yanapojaza chupa, yako chini yake. Mkuu wao alisema mbele ya watu kwamba Fundi akitega sikio tu anajua bomba linavujia wapi. Mimi sikuwepo, lakini nimeambiwa na watu wawili tofauti, kwa hiyo usije ukasema dada katia chumvi. Na dada yake naye, muuguzi wetu, anaolewa. Kadi nimeibana humu ndani ya barua. Mkwe ni mtu mtaratibu, ana masikio makubwa kidogo lakini moyo safi.

Sasa Fundi akaamua kwamba siku ya harusi watu wanywe bia ya baba yake. Unaikumbuka ile bia, wewe ulikunywa vikombe vitatu ukawafundisha wageni kucheza. Alilipata daftari la marehemu shemeji yako, Baba Watoto wangu, akafuata kila kipimo. Aliipika jikoni kwangu, akaichachusha kwenye ndoo nyeupe, na ilivyokuwa ikinukia, hata jirani mwenye duka alikuja kuazima chumvi kwangu, chumvi anayoiuza mwenyewe.

Ikabaki kuihamishia kwenye pipa. Unalijua lile pipa la buluu, la plastiki nene, lenye koki chini na kifuniko kikubwa cha kusokota juu. Bia ikiingia mle na sukari kidogo hujitengenezea gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoilinda isiharibike, ndiyo inayoisukuma itoke na povu lake. Lakini pipa likiwa na tundu, hata la sindano, gesi inakwenda zake, bia inakufa, mnabaki mnakunywa maji ya shayiri. Kwa hiyo marehemu hakujaza pipa kabla hajalipima.

Wenzake walipima kwa pampu ya baiskeli. Yeye alisema pampu haina hisia. Alichomeka mpira mwembamba kwenye valvu ya kifuniko, ile inayoruhusu hewa kuingia lakini haiiachi itoke, akapuliza kwa kinywa chake mpaka mshale wa geji, kile kipimo cha hewa, upande kufika mstari wa kwanza. Enzi za ujana wake ulikuwa unafika wa pili. Mimi napaka povu la sabuni kwa brashi, kifuniko, valvu, koki. Penye tundu povu hufura kama shavu. Kila baada ya pumzi alikuwa ananyanyua nyusi moja na kuniuliza, "Bado?" Nami namjibu bado, au imetosha. Miaka ishirini na sita kazi hiyo tuliifanya hivyo, watu wawili na pipa moja.

Tangu tumzike, miezi minane sasa, pipa lilikaa stoo limefungwa, halina kitu. Siku Fundi alipokwenda kulichukua alirudi jikoni amekunja uso, akaniuliza nani amelijaza hewa. Nikamwambia hakuna. Akasema pipa tupu lililokaa muda wote huo mshale wake unatakiwa uwe umelala kwenye sifuri, na huu umesimama mstari wa pili. Na kifuniko kinavuja, amekisikia kinafoka. Sasa hewa inatoka, na mshale haushuki. Alitaka kukifungua abadilishe mpira wa kuzibia. Nikamwambia asikiguse, baba yake aliagiza kisifunguliwe mpaka siku yenyewe ya kujaza, mpira usije ukakauka. Huo ulikuwa uongo, mdogo wangu. Niliutunga hapo hapo nikiwa namenya vitunguu, na machozi yakawa na kisingizio.

Basi akaanza kuziba kwa nje. Akapaka mafuta ya mgando kuzunguka ukingo wa kifuniko, pakanyamaza, panafoka kwenye valvu. Akakaza valvu, panafoka kwenye koki. Akakaza nati ya koki, tukarudi kwenye kifuniko. Siku mbili nzima, na huyu ni mtu anayelala usingizi katikati ya mabomba ya kiwanda kizima. Nilimtania kwamba maziwa yamemharibu, hajui tena vyombo vya watu wazima. Hakucheka. Akaniambia kwamba kazini tundu hukaa lilipo likamsubiri fundi, lakini hili linamkimbia.

Siku ya tatu akaniomba nimpakie povu kama nilivyokuwa nikimpakia baba yake. Nikajikaza kisabuni, nikashika brashi, nikapaka ukingo wa kifuniko. Povu likafura. Likawa kama yai. Kisha likarudi, mdogo wangu. Halikupasuka. Lilisinyaa taratibu mpaka likalala kwenye kifuniko, likakaa hapo, likafura tena.

Fundi aliniambia kwa sauti ndogo kwamba tundu linalotoa hewa linatoa tu, haliivuti. Tukakaa tunaliangalia. Lilifura na kusinyaa, likafura na kusinyaa, na kila mara katikati kulikuwa na kituo, kama mtu aliyeuliza jambo akawa anasubiri ajibiwe. Kituo kile nilikifahamu. Nywele zilinisisimka mpaka nikahisi kitambaa cha kichwa kimenyanyuka.

Yeye akasema ni joto la bati, mchana hewa hutanuka. Nikakubali, maana mwanangu amesoma. Ila nilimwona akitoka stoo kinyumenyume. Kesho yake akautafuta ufunguo wa kifuniko, ule wa mti wenye meno mawili alioutengeneza baba yake. Alipekua nyumba nzima asiuone. Akasema basi, atachonga wa chuma kazini, Jumatano aje nao, kwa sababu bia ndooni imeshatulia na haiwezi kungoja zaidi ya hapo. Ufunguo wa mti ulikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Mpaka sasa umo, upo hapa karibu na goti langu.

Sasa kaa kitako unisikilize.

Siku ya msiba niliwaambia nyote kwamba nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo stoo, nikakimbia. Wewe ulinishika mkono ukaniambia nisijilaumu, ningejuaje. Nilikuwa stoo. Nilikuwa nimeshika brashi. Daktari alikuwa amemkataza kazi zote za kukaza kifua, na alitaja waziwazi kupuliza pipa, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Asubuhi ile yeye mwenyewe alisema atumie pampu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimeshatangaza mtaani kwamba mume wangu amepona, anajaza pipa kwa kifua chake kama kijana, na wanawake wawili walikuwa wamekaa uani kwangu, dirisha la stoo liko wazi, wanamsikia. Unanijua dada yako na sifa.

Akapuliza, akaniuliza bado, nikasema bado. Akapuliza tena, uso umeshakuwa rangi ya jivu, akauliza. Mshale ulikuwa umeshafika mstari wa kwanza. Niliuona kwa macho yangu haya mawili. Lakini nilitaka wale wa uani wasikie mara moja zaidi. Nikasema, "Bado." Pumzi ya tatu iliingia yote ndani ya pipa, na yeye hakuvuta nyingine.

Kabla sijapiga kelele ya kuwaita watu nilichomoa mpira kinywani mwake na kwenye valvu. Valvu ikajifunga. Kwa hiyo ile pumzi ya mwisho ilikuwa mle. Wengine huweka shati la mtu wao, mimi niliweka ile. Na kwa kuwa nilijua kifuniko hakizibi vizuri, kila asubuhi Fundi akishakwenda kazini nilikuwa nachomeka mpira na kuongeza kidogo ya kwangu, ili ya kwake isiishe.

Utasema basi, kumbe ni dada aliyekuwa anamchanganya mtoto wa watu. Hata mimi ningependa iwe hivyo. Lakini juma moja kabla Fundi hajalikumbuka pipa, kifua kilinibana, nikalala siku sita, na binti yangu hakuniruhusu kwenda hata bafuni bila kunishika. Siku sita sikupuliza. Ya saba nikajikongoja mpaka stoo, nikaukuta mshale umesimama mstari wa pili. Pumzi yangu haijawahi kuufikisha hata karibu na wa pili. Tangu saa ile sikuugusa tena ule mpira, nao mshale haukushuka.

Jumatano ikafika. Fundi akaja na ufunguo wake wa chuma, kazi safi, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Ningeweza kumweleza. Nilifungua kinywa mara mbili, na mara zote mbili nikamuuliza kama ameshakula. Akasokota kifuniko. Hewa ikaanza kutoka, si kwa kishindo, ikatoka polepole, ikaendelea kutoka, muda mrefu kuliko ukubwa wa pipa lile. Ilinukia karafuu. Unakumbuka marehemu alikuwa anaweka punje ya karafuu chini ya ulimi. Fundi akatoa mpira wa zamani, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, akaweka mpya, akaupaka mafuta, akafunga.

Ikabaki kupima. Pampu ilikuwa miguuni pake, nimemwekea mimi mwenyewe. Akaiangalia, akaipita, akautungua mpira mwembamba ukutani, akautia kinywani. Mdogo wangu, hakuna aliyewahi kumfundisha mtoto huyu kupima hivyo. Baba yake hakuwaruhusu watoto kuingia stoo akipima pipa, na daftarini halikuandikwa neno juu yake. Akapuliza. Nami napaka povu, linadondokea miguuni. Kisha akatulia, akanyanyua nyusi moja, akaniuliza, "Bado?"

Sauti ile haikuwa ya mtu wa miaka ishirini na tano.

Mshale ulikuwa haujafika hata nusu ya safari. Niliuona. Nikaweka brashi chini nikasema, "Imetosha, Baba Watoto. Toa mdomo, upumzike."

Fundi hajaoa wala hana mtoto. Lakini aliitika. Alitoa mdomo, akashusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta amefumba macho kama mtu aliyetua mzigo wa safari ndefu. Alipoyafumbua aliniuliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini ninalia, na pampu iko wapi. Nikampa pampu. Akapima, povu likakaa limelala kila mahali, halikufura hata kama kichwa cha pini. Jioni ile ile akajaza bia.

Sasa imekaa mle siku tisa, mahali penye baridi, pipa kavu, koki kavu, mshale uko mahali anapoutaka Fundi. Amenionjesha kiasi cha kifuniko cha chupa. Nakwambia bila kujisifu, hata baba yake hakuwahi kuitoa nzuri hivyo.

Siri hii nimekupa wewe peke yako. Fundi nitamweleza baada ya harusi, nimeshaapa, na ninakuandikia ili unibane nisije nikatafuta kisingizio kingine. Ukurasa wa msiba usimsomee mumeo.

Jambo moja tu limebaki. Ule mpira mwembamba niliuosha kwa maji ya moto nikautundika kwenye msumari wake. Kila asubuhi nikiugusa, ncha ya kinywani imelowa, na ni ya moto. Fundi anaapa hajaugusa. Mimi sipulizi tena. Ninaufuta kwa kanga, ninamwambia imetosha, ninaurudisha msumarini. Leo bado sijaenda, nikishafunga bahasha ndipo nitapita.

Njoo mapema, angalau siku mbili kabla, tusaidiane kushona mapazia. Nisalimie mumeo, mwambie asisahau kiti chake cha kukunja, wageni ni wengi. Msalimie na huyo wa pikipiki, aendeshe polepole, asiwasikilize wanaomshangilia barabarani. Binti yangu anakusalimu, Fundi anakusalimu, na mimi nakukumbatia mpaka goti lisahau maumivu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Mama Fundi