Namba ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Machi 2023

Kimekuja! Na wala si kikubwa. Nilikuwa nimefagia kona nzima ya chumba cha eksirei, nikahamisha hata stendi ya maaproni, kumbe ni kiboksi na laptop. Kimekaa mezani pembeni ya birika la chai.

Kakileta kijana wa kampuni kutoka Dar, anaitwa Calist. Anasema humo ndani mna akili mnemba. Mimi napiga picha ya kifua kama kawaida, yenyewe inaisoma na kutoa namba, sifuri mpaka mia. Hamsini kwenda juu, mgonjwa akapimwe makohozi, huenda ni TB. Chini ya hapo, aende nyumbani. Imejifunza kwa mapafu ya watu malaki. Nikamuuliza: wa Singida wangapi humo? Akacheka. Mapafu ni mapafu, kaka.

Mh.

Lakini nina hamu nayo kama mtoto aliyeletewa baiskeli! Daktari bingwa wa kusoma picha hatuna. Ngumu tunazituma mjini kwa simu, jibu linakuja likijisikia. Tangu soko huria tumeletewa kila kitu huku, dawa za kila rangi, vitanda vya mitumba. Jicho ndiyo mara ya kwanza.

Jumatano, 8 Machi

Dk. Mughwai, mganga mfawidhi wetu, kaweka sheria. Kwanza nisome mwenyewe, niandike ninachokiona, ndipo niangalie namba. Kabandika kipande cha kalenda ya mwaka jana kwenye kona ya skrini, palepale namba inapotokea. Calist kanuna — eti inachelewesha kazi. Dokta akamwambia mwanafunzi akishaona jibu la mwenzake, la kwake halitoki tena.

Nimecheza nayo siku nzima kwa picha za zamani. Mzee mmoja wa machimbo ya dhahabu, TB alishapona zamani, limebaki kovu: 88. Kumbe kovu na kidonda kwake ni ndugu. Binti mwenye rasta ndefu, zimelala begani: 57. Rasta! Nesi Kristina kacheka mpaka kashika ukuta. Anataka tuipe picha ya kuku tuone.

Halafu ikaninyamazisha. Picha ya Januari, mimi niliandika safi. Yenyewe 80. Nikaitazama upya, nikasogea, nikarudi nyuma. Kweli kuna kitu. Tumempigia simu baba mwenye picha — alishaanza dawa kwingine, anaendelea vizuri. Nimemshukuru Mungu, ila chai ilinishinda kunywa.

Kwa hiyo si mjinga huyu. Na si mjuzi. Ni nini basi? Nataka kujua!

Jumanne, 14 Machi

Mkwe anakohoa. Mke wangu Eliana kamleta mama yake kutoka Mungaa tangu Jumapili. Analala chumba kimoja na Jenipher wetu, ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Yeye anasema ni moshi wa jikoni. Lakini kakonda, na usiku nguo zinalowa jasho. Eliana kaamua: kesho eksirei.

Nani atampiga? Mimi! Fundi wa eksirei ni mmoja tu hospitali nzima.

Mtihani huu. Kwetu mkwe hashikwi mkono. Akija njiani napisha. Jina lake silitamki, hata humu siliandiki. Miaka yote ya ndoa tunasalimiana kwa mbali, yeye kajifunika khanga usoni, mimi naangalia vidole vya miguu yangu. Na picha ya kifua inataka nguo zivuliwe, kidevu kiinuliwe, mabega nisukume mbele kwa mikono yangu miwili.

Jumatano, 15 Machi

Ilianza kama kichekesho.

Kristina kaingia naye ndani. Mimi nyuma ya kizuizi, uso ukutani, napaza sauti: mwambie aukumbatie ubao! Kristina anamgeuzia Kinyaturu. Mwambie avue khanga! Kristina akatoka: hataki, anasema mume wa binti yake yumo humu. Nikasema basi, iache.

Mgonjwa mwingine ningegoma. Ningemweleza mpaka aelewe. Kwa mkwe nikabonyeza tu, nikitaka yaishe.

Picha ovyo! Makombe ya mabega yamefunika nusu ya mapafu, na fundo la khanga limekaa juu ya pafu la kulia kama ngumi. Nikaandika: haifai, irudiwe. Nikafunua kalenda. 71.

Kristina aliiona. Nikamwambia namba hii haina maana, mashine imesoma fundo. Akaitikia, lakini usoni nilimwona keshaamini. Maabara wakampa mkwe kopo la makohozi. Akarudisha mate matupu — kikohozi chake kikavu — wakayakataa.

Nyumbani ndipo kichekesho kilipokwisha. Eliana keshasikia. Kamtengea mama yake kikombe, kile cha bluu. Jenipher kahamishiwa kwetu, analia mlangoni kwa bibi. Mkwe kakaa uani kajifunika, ugali haukuguswa. Nilitaka kupiga kelele: ni fundo la khanga tu! Lakini nianzie wapi kumweleza mkwe habari za kifua chake? Nimeona aibu, na nimejichukia.

Alhamisi, 16 Machi

Nimepata wazo. Nimemsimamisha Eliana ukutani, sinia kubwa kati ya kifua chake na ukuta liwe ubao. Kidevu juu. Mikono kiunoni, viwiko mbele, mabega yaende mbele — hapo makombe yanafunguka, mapafu yanabaki wazi. Kajaribu, kacheka, kajaribu tena. Kisha nikamwambia sasa wewe niweke mimi. Kaniweka vizuri kuliko mwanafunzi wa chuo!

Kesho yeye ndiye atamweka mama yake. Ikifaulu, nitamwomba Dokta iwe utaratibu: mama mwenye haya aje na binti yake.

Ijumaa, 17 Machi

Imefaulu! Khanga ilivuliwa, gauni la hospitali likavaliwa, Eliana akampanga mama yake, akatoka, nikabonyeza. Sijawahi kupiga picha safi hivi.

Na sheria nimeivunja. Sikusoma kwanza. Mkono ulienda wenyewe kwenye kalenda. 29!

Eliana kapiga kigelegele koridoni mpaka wagonjwa wakauliza nani kajifungua. Dk. Mughwai kanipa mkono: umeikamata mashine. Calist kwenye simu anasema atawaandikia wakubwa zake kuhusu mafundo ya khanga. Nimetembea kifua mbele mchana kutwa.

Jioni kikombe cha bluu kimerudi kabatini na vingine. Jenipher karudi kulala kwa bibi.

Jumamosi, 18 Machi

Nilipita kazini kukamilisha maelezo ya picha ya jana. Nafasi ya maoni yangu ilikuwa tupu, maana sikusoma. Nikakaa, nikafunika namba, nikasoma kama inavyotakiwa.

Kushoto. Nyuma ya mtulinga. Kiwingu kidogo, kidogo mno. Jumatano kwenye picha mbaya mabega yalikifunika, na jana 29 ikakifunika. Au hakipo. Nimezima skrini, nimewasha. Kipo. Nimemwita Kristina bila kumwambia pa kutazama: hakuona kitu. Nilipomwonyesha akasema labda.

Nikamfuata Dk. Mughwai kwake. Kanisikiliza. Akasema juzi ulisema inazidisha, leo unasema inapunguza — kesho utasema nini? Hakuwa na ubaya. Akasema pia huyu ni mkwe wako, hofu nayo ina macho yake. Hilohilo nimeshajiuliza. Je, naona kiwingu, au naona kile kikombe? Je, nataka tu kuishinda mashine mara ya pili?

Tumekubaliana picha iende kwa bingwa mjini. Jumamosi hii, nani atajibu. Na akasema makohozi yanaweza kupatikana, wapo wanaovutishwa mvuke wa maji ya chumvi hadi kikohozi kilainike. Lakini kwa namba 29 utaratibu haumruhusu kumlazimisha mtu. Mgonjwa mwenyewe akikubali, Jumatatu tufanye.

Mgonjwa mwenyewe. Nani amwambie?

Jumapili, 19 Machi

Bingwa kimya. Eliana kanisani na mtoto wetu mkubwa, Innocent, mimi nimebaki nikisingizia kichwa. Hata Eliana sijamwambia. Jana nilifungua mdomo mara mbili, nikauliza chumvi iko wapi.

Mkwe yuko uani anachambua mlenda. Jenipher mapajani kwake, wanakula karanga. Bibi anamtafunia kwanza, kisha anamwekea mdomoni. Nilisimama mlangoni nikitazama hilo. Nilitaka kumnyang'anya mtoto. Nilitaka pia niwe nimekosea, niwe mpumbavu kabisa, mashine inicheke.

Akainua uso. Hakujifunika.

Baba Innocent, akasema. Hajawahi kuniita! Nikaangalia chini kwa mazoea. Akasema wote wananiambia mashine imesema sina kitu. Na wewe tangu jana unapita hapa kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kikohozi ninacho bado. Mashine nimeisikia. Wewe umeona nini?

Nikamwambia ngoja nichukue kigoda, nije nikae, nikueleze.

Niko ndani, naandika haya kwanza, kigoda kiko hapa miguuni pangu. Yeye yuko pale pale, nasikia anamwambia Jenipher baba anakuja.